Mgeni Hana Mtandao: Tuanzie Wapi?

Na mwanachama, Kidato cha Nne

Mpenzi msomaji, wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii twaijua sote, na kila mwaka haikosi katika insha zetu. Lakini je, wajua kwamba tarakilishi nazo zina wageni na wenyeji? Na kwamba mgeni huyo akikosa mtandao, mwenyeji haponi ng'o? Katika makala haya nitaeleza jinsi mgeni anavyopewa kadi ya mtandao isiyoshikika kwa mkono, na jinsi ya kuitafuta kasoro mambo yanapokwenda mrama. Mifano yangu ni ya mtaani kwetu Shauri Moyo, maana huko ndiko nikaako, na ndiko nilikojifunza kazi hii nikisaidia wakati wa likizo katika saiba moja isiyo mbali na soko la Burma.

MGENI NI NANI?

Tarakilishi moja yenye nguvu yaweza kugawanywa kwa programu maalumu ikawa kama nyumba yenye vyumba kadha. Ile mashine unayoiona mezani huitwa mwenyeji. Ndani ya kila chumba mna tarakilishi nyingine, yenye Windows au Linux yake, nayo hujiona kana kwamba iko peke yake duniani. Hiyo ndiyo mgeni, au mashine pepe.

Jambo hili si geni. Kampuni ya IBM ilikuwa ikilifanya katika mitambo yake mikubwa tangu miaka ya 1960. VMware ikalileta kwenye tarakilishi za mezani mwaka wa 1999, na VirtualBox ikafuata mwaka wa 2007. Hata sisi Waafrika tumo: huduma ya Amazon ya kukodisha mashine pepe, iitwayo EC2, iliyofunguliwa mwaka wa 2006, iliundwa na wahandisi waliokuwa Cape Town, Afrika Kusini.

Sasa mwenye saiba wa Shauri Moyo anataka nini na mambo haya? Anataka kuokoa pesa, bwana! Badala ya kununua mashine mbili, ana moja nzuri yenye wageni wawili. Mgeni mmoja ni wa kufungulia flashi za wateja na kujaza fomu zao. Wa pili ni wa hesabu za biashara. Mteja akija na flashi yenye virusi, aghalabu madhara huishia katika chumba kile kimoja. Kinafutwa, kinarudishwa kilivyokuwa jana, kazi inaendelea.

KADI YA KUIGIZA

Kadi ya mtandao ya kweli ni kile kifaa ndani ya mashine ambacho huchomekwa kebo. Mwenyeji anayo moja. Mgeni hapewi hiyo. Hupewa ya kuigiza, na zipo za aina mbili kuu.

Aina ya kwanza huiga kadi halisi inayojulikana sana, kama vile e1000 ya Intel. Mifumo mingi tayari ina draiva yake, yaani programu ya kuiendesha, kwa hiyo mgeni huitambua bila maswali. Ubaya wake ni kwamba mwenyeji hutoka jasho akiigiza kila kitendo cha kadi hiyo.

Aina ya pili huitwa virtio. Hii haiigi kadi yoyote iliyowahi kuuzwa dukani. Mgeni na mwenyeji wameafikiana lugha yao ya mkato, na mambo yanakwenda mbio. Linux inaifahamu tangu mwaka wa 2008. Windows nayo huwa haiifahamu mpaka uitilie draiva wewe mwenyewe.

MILANGO MITATU

Nyumba za zamani za Shauri Moyo, zilizojengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, ni za chumba chumba, na watu wengi hushiriki ua mmoja. Mfano huo unatufaa. Mgeni anaweza kupewa mlango wa aina tatu.

Mlango wa kwanza ni NAT. Huu ni kama mpangaji asiye na sanduku la posta, ambaye hutumia S.L.P. ya mwenye nyumba. Barua zake hutoka kwa jina la mwenye nyumba, na majibu hurudi humo humo, kisha akakabidhiwa. Anapata mtandao vizuri, lakini mtu wa nje hawezi kumbishia hodi moja kwa moja.

Mlango wa pili ni daraja. Hapa mpangaji ana mlango wake unaotazama barabarani na nambari yake mwenyewe. Ruta, yaani kile kisanduku kinachogawa mtandao, humwona kama mashine kamili.

Mlango wa tatu ni wa uani. Wapangaji wanasemezana wao kwa wao, lakini hakuna anayetoka nje ya lango. Ukimpa mgeni mlango huu kisha ukashangaa mbona hana intaneti, hiyo si kasoro, ndivyo ulivyoagiza!

MASWALI MATANO

Mtandao wa mgeni ukikatika, watu wengi huanza kubonyeza kila kitu. Mimi nasema haraka haraka haina baraka. Kuna maswali matano, na yaulizwe kwa utaratibu huu.

Kwanza, je, mwenyeji mwenyewe ana mtandao? Tazama ile taa ndogo pale kebo inapoingilia. Kisha, ukiwa kwa mwenyeji, iite ruta kwa amri ya ping. Hata mwenyeji akikosa jibu, mgeni hana hatia. Mwache, ushughulikie kebo na ruta.

Pili, je, mgeni anaiona kadi yake? Katika Linux andika "ip link". Katika Windows fungua orodha ya vifaa. Kadi ikikosekana, au ikiwa na alama ya manjano, shuku draiva. Zima mgeni, umwondolee virtio na kumpa e1000. Akipona, ugonjwa umeujua. Na kadi ikidai kwamba kebo haijachomekwa, usicheke: hata kebo pepe huchomoka! Katika mipangilio ya VirtualBox kuna kisanduku cha kutia alama kwamba kebo imeunganishwa.

Tatu, je, mlango unaelekea kunakostahili? Daraja hufungwa kwenye kadi moja maalumu ya mwenyeji. Mwenyeji akihama kutoka kebo hadi waifai, daraja laweza kubaki kwenye kebo isiyo na uhai. Isitoshe, daraja juu ya waifai lina matata yake. Mtambo wa waifai humkubali aliyejisajili tu, yaani mwenyeji, na mgeni mwenye utambulisho wake mwenyewe hufungiwa nje. VirtualBox ina ujanja wa kulikwepa jambo hilo, lakini ujanja wenyewe haukubaliwi kila mahali. Basi ukiwa na waifai au modemu ya laini ya simu, NAT ndiyo salama. Hata ukiwa na kebo, mhamishe mgeni hadi NAT kwa muda. Akipata mtandao, kadi yake ni nzima. Kasoro iko upande wa daraja.

Nne, je, mgeni ana anwani gani? Ikianza na 169.254, ujue aliomba anwani, akakosa wa kumjibu, akajipa ya kubuni. Rudi kwenye swali la tatu. Ikiwa ni 10.0.2.15, huyo yuko kwenye NAT ya VirtualBox, na si ajabu wageni wawili kuwa nayo kwa pamoja, kwa sababu kila mmoja yuko nyuma ya ukuta wake. Lakini wageni wawili wa daraja wakiwa na anwani moja, hapo pana kisa.

Tano, ni njia iliyoziba au ni jina lisilojulikana? Ita 8.8.8.8 kwa ping. Ikiitika, na kurasa bado hazifunguki kwa majina, njia iko wazi. Kilichokosekana ni ile huduma ya DNS inayogeuza majina kuwa nambari. Jihadhari pia: Windows ina ulinzi ambao kwa kawaida huizuia kujibu ping kutoka nje. Kimya chake si ushahidi kwamba imekufa.

KISA CHA MAPACHA

Siku moja mgeni wa wateja pale saibani alianza vituko. Ukurasa unafunguka nusu, unakwama, unaendelea, unakwama tena. Na siku yenyewe! Zilikuwa zile siku za mwisho za kuchagua kozi za chuo kikuu kupitia KUCCPS. Alikuwako msichana aliyemaliza shule, ametoka Majengo kwa miguu, ada ameshalipa kwa simu, na fomu haitaki kwenda.

"Mwanangu, hii intaneti imeisha ama nini?" mwenye saiba akaniuliza.

"Haijaisha, Mama. Simu yako si inafungua?"

"Inafungua."

Basi tukaanza maswali. Mwenyeji alikuwa na mtandao. Kadi ilionekana. Daraja lilikuwa kwenye kebo sahihi. Kufika swali la nne, tukasoma anwani ya mgeni wa wateja, kisha ya mgeni wa hesabu. Zilikuwa sawa sawa, nambari kwa nambari! Tukamzima mgeni wa hesabu. Papo hapo yule mwingine akatulia, na fomu ya msichana ikaenda.

Sababu yake ni hii. Kila kadi ya mtandao ina nambari ya utambulisho iitwayo MAC, yenye tarakimu na herufi 12. Kadi za wageni wa VirtualBox huanza na 08:00:27. Huo ndio ukoo wao, na sita zinazobaki ndizo jina la mtu binafsi. Wiki hiyo fundi aliyeitwa kuongeza mgeni wa hesabu alimnakili yule wa kwanza jinsi alivyo, pamoja na MAC yake. Ruta ikaona mtu mmoja, ikatoa anwani moja. Majibu yakawa yanafika mara kwa huyu, mara kwa yule, kama barua za mapacha wenye jina moja. Dawa ilikuwa rahisi: baada ya wateja kuondoka, tulimtengenezea mgeni wa hesabu MAC mpya akiwa amezimwa. Alipoamka, alipewa anwani yake, na ugomvi ukaisha.

Fauka ya hayo, baadhi ya mifumo ya Linux hujitambulisha kwa ruta kwa nambari nyingine iliyohifadhiwa ndani, iitwayo machine-id, badala ya MAC. Ukinakili mgeni wa namna hiyo, nayo pia ibadilishe.

NENO LA MWISHO

Msomaji, angalia kilichotusaidia siku ile. Kama tungeanza kwa kubadilisha ruta, kadi na mlango kwa mpigo, mtandao ungeweza kurudi pasi na sisi kujua ni kwa nini, na kesho yake ungekatika tena. Badilisha kitu kimoja, tazama, andika daftarini, ndipo uguse kingine.

Wewe uliye na nafasi katika maabara ya shule, omba ruhusa ya mwalimu, utie VirtualBox, uwaweke wageni wawili, kisha waharibu kwa makusudi. Chomoa kebo pepe. Wape MAC moja. Tazama kila ugonjwa una dalili gani ungali katika mchezo, ili siku mtu atakapokuja mbio na fomu mkononi, usiwe wa kubahatisha.

Haya, nafasi niliyopewa na mhariri imejaa. Tukijaliwa, tuonane toleo lijalo.