Familia hutembea kwa mwendo wa mtoto mdogo

 

Leo nakualika twende mahali ambapo wengi wetu hatujawahi kufika. Twende jangwani kwa miguu, tena tukiwa na mtoto mchanga mgongoni.

Usishangae. Wapo wanaofanya hivyo kwa hiari yao. Huko kusini magharibi mwa Marekani, wazazi vijana huchukua likizo, wakamweka mtoto kwenye kibebeo chenye mikanda, wakaenda kutembea katika hifadhi za jangwa. Wapo pia ambao safari ya namna hiyo ndiyo maisha yao. Kaskazini mwa Kenya, kandokando ya jangwa la Chalbi, Wagabra wamekuwa wakihama na ngamia wao kutafuta malisho na maji. Siku ya kuhama, nyumba hufunguliwa, miti na mikeka yake ikapakiwa juu ya ngamia, na watoto wadogo wasioweza mwendo hupandishwa juu ya mzigo.

Watu hawa hawafanani kwa mambo mengi, lakini wote wanalijua jambo moja. Ukiingia jangwani na mtoto, si wewe tena unayepanga safari. Mtoto ndiye anayepanga saa ya kuondoka, mahali pa kupumzika na siku ya kufika. Asiyekubali hilo ni heri abaki nyumbani.

Naamini kuwa hilo ndilo somo ambalo nyumba nyingi za Kikristo zinalihitaji mwaka huu.

Usimpime mtoto kwa mwili wako

Jangwa halimvumilii mtu mwenye kiburi. Death Valley, California, ndipo lilipopimwa joto la nyuzi 56.7 mwezi Julai 1913, kiwango ambacho Shirika la Hali ya Hewa Duniani linakitambua kuwa cha juu kuliko vyote vilivyowahi kupimwa. Wasimamizi wa hifadhi hiyo huwaonya wageni kwamba wakati wa kiangazi wasitembee katika sehemu za bondeni baada ya saa nne asubuhi. Hapo wanaonywa watu wazima wenye nguvu zao. Sasa fikiria mtoto wa miezi minane.

Mwili wa mtoto mchanga hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima, na haujajua vizuri kujipoza kwa jasho. Akiwa ameegemea mgongo wa mzazi anayetembea, hupata joto la jua na pia joto la mgongo huo. Ukimfunika kwa nguo nzito ukidhani unamkinga na jua, unaweza kumfungia joto ndani.

Kuna na upande wa pili ambao watu wengi hawaufikirii. Jangwa hilohilo alfajiri huwa na baridi kali. Baba anayepanda kilima akiwa amembeba mtoto huona joto, kwa sababu miguu yake inafanya kazi. Mtoto amekaa tu, hatembei, na upepo unampiga. Baba anafungua vifungo vya shati huku mtoto mgongoni mwake anaganda. Wako pamoja, hata pumzi zao zinasikilizana, lakini kila mmoja yuko katika hali yake.

Ndiyo maana wazoefu hawamuulizi aliyebeba kama mtoto yuko salama. Husimama, wakamshusha, wakamtazama. Je, nepi imelowa au ni kavu tangu asubuhi? Akilia, machozi yanatoka? Utosi umebonyea? Macho yameingia ndani? Mtoto hawezi kusema kwamba ana kiu, na anayezidiwa mara nyingi halii sana. Hunyamaza, akalegea, na mzazi asiyetazama hudhani amelala.

Tena kuna jambo la maji. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza, bila kuongezewa hata maji, hata penye joto. Kwa hiyo maji ya mtoto huyo yamo ndani ya mama yake. Ukitaka mtoto asife kiu, mpe mama yake maji. Baba, litafakari hilo kabla hujaendelea kusoma. Yapo mambo ambayo huwezi kumpa mtoto wako moja kwa moja, na njia pekee ya kuyafikisha kwake ni kumtunza aliyemzaa.

Yakobo alikataa mwendo wa Esau

Katika Mwanzo sura ya 33 kuna habari ambayo huwa tunaipita haraka. Yakobo anarudi Kanaani kutoka Padan-Aramu baada ya miaka mingi. Amekutana na Esau, ndugu aliyekuwa akimwogopa, naye Esau amekuja na watu 400. Wamekumbatiana, wamelia, yamekwisha. Sasa Esau, kwa moyo mweupe kabisa, anamwambia nduguye waondoke waende pamoja.

Yakobo anakataa. Anamweleza kwamba watoto wake ni wachanga, na ng'ombe na kondoo wananyonyesha. Wakikimbizwa siku moja tu, wanyama wote watakufa. Anamwomba atangulie, yeye atafuata polepole, kwa kadiri ya mwendo wa mifugo na mwendo wa watoto.

Siku moja tu! Yakobo alikuwa mchungaji kwa miaka 20 nyumbani kwa Labani, alijua anachokisema. Kundi linaweza kuangamia kwa siku moja ya haraka, hata kama siku nyingine zote mchungaji alikuwa mwangalifu.

Wala Esau hakuwa mtu mbaya siku ile. Mwendo wake ulikuwa sahihi kwa watu 400 wasio na watoto wachanga. Kosa lingekuwa la Yakobo kama angeona haya kuonekana mzembe mbele ya ndugu yake, akaukubali mwendo usio wa nyumba yake.

Ndugu msomaji, ni nyumba ngapi leo zinatembea kwa mwendo wa Esau? Jirani amejenga, nasi tukope tujenge. Mwenzetu amempeleka mtoto shule ya bweni akiwa na miaka sita, nasi tumpeleke wetu. Bosi anakaa ofisini hadi saa tatu usiku, nasi tukae. Hata kanisani, kuna mzee wa kanisa anayehudhuria kila kikao na kila mkesha, na mtoto wake hajui sauti ya baba yake ikoje anapocheka.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka likizo ya uzazi ya siku 84 kwa mama, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na siku 3 kwa baba. Sheria huweka kiwango cha chini ambacho mwajiri hawezi kushuka chini yake. Lakini wapo akina baba walioigeuza hesabu hiyo kuwa mpango wa malezi. Siku ya nne mtoto amekuwa wa mama yake, na baba amekuwa mleta mahitaji.

Lakini nikipunguza mwendo, tutakula nini?

Najua swali hilo linakuja, na ni la haki. Mtu mwenye pikipiki ya mkataba hawezi kukaa nyumbani Jumatano eti acheze na mtoto. Mama anayeuza mboga sokoni huondoka alfajiri kwa sababu bei nzuri iko alfajiri. Wapo walioacha watoto kwa bibi zao wakaenda kufanya kazi za nyumbani Uarabuni, nao hulala wakilia. Neno hili halikuja kuwaongezea mzigo watu hao.

Tazama tena alichokifanya Yakobo. Hakusema hatasafiri. Aliendelea na safari, akafika Sukothi, kisha Shekemu, na watoto wake wakiwa hai. Alichobadilisha ni mwendo. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, na huyo mwenda pole bado anakwenda.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: katika msafara wangu, nani anaachwa nyuma? Kumbukumbu la Torati sura ya 25 inawakumbusha Waisraeli jinsi Amaleki alivyowashambulia njiani. Hakupambana na waliokuwa mbele wenye nguvu. Alikuja kwa nyuma, akawapiga wadhaifu waliokuwa wakijikokota kwa uchovu. Adui wa nyumba yako hana ujinga wa kuanza na wewe unayejua kuomba na kufunga. Anaanza na yule wa mwisho, ambaye hujageuka kumtazama kwa muda mrefu.

Linganisha na Hesabu sura ya 12. Miriamu alipopata ukoma akatengwa nje ya kambi siku saba, taifa zima halikuondoka mpaka aliporudishwa. Na Miriamu alikuwa amekosa! Alikuwa amemnenea Musa. Hata hivyo, umati ule mkubwa ulisimama wiki nzima ukimngoja mtu mmoja. Kama walimngoja mwenye kosa, sisi tunashindwaje kumngoja asiye na kosa, ambaye hatia yake ni kuwa na miguu mifupi?

Maji yakiisha

Pengine unasoma safu hii na kwako mambo yamekwisha kuharibika. Mwenzi ameondoka. Wewe ndiye umebaki na mtoto, na hujui kesho itakuwaje. Basi msikilize Hajiri, katika Mwanzo sura ya 21.

Alitolewa nyumbani kwa Ibrahimu na mkate na kiriba cha maji, akatangatanga katika jangwa la Beer-sheba. Ishmaeli hakuwa tena wa kubebwa kwa mbeleko. Alikuwa kijana, kwa maana alimtangulia Isaka kwa miaka 14, na Isaka alikuwa ameshaachishwa kunyonya. Hata vijana wakubwa huzimia jangwani, usidanganywe na urefu wao. Maji yakaisha. Hajiri akamweka mwanawe chini ya kichaka, akaenda kuketi umbali wa mtupo wa mshale, kwa sababu hakutaka kumwona akifa.

Usimhukumu. Wapo wazazi wengi walioketi umbali ule. Mtoto ameanza dawa za kulevya, au ameacha shule, au amepata mimba, na mzazi hamsemeshi tena. Watu wanadhani ni ukali. Mimi naona ni mtu ambaye maji yamemwishia, na hawezi kuvumilia kutazama.

Sasa angalia mpangilio wa habari ile. Mungu alisikia sauti ya kijana. Malaika akamwambia Hajiri ainuke, amwinue mtoto, amshike mkononi. Baada ya hapo ndipo Mungu alipomfumbua macho akaona kisima. Agizo la kumshika mtoto lilikuja wakati kiriba bado ni kitupu. Sisi tunasema, nikipata fedha nitakuwa karibu na watoto. Hajiri aliambiwa amkaribie mwanawe kwanza.

Waliobebwa ndio walioingia

Neno la mwisho linatoka Kadesh-barnea. Kutoka Horebu hadi hapo ni safari ya siku 11, lakini Israeli walikaa jangwani miaka 40. Walipoogopa kuingia nchi ya ahadi, sababu mojawapo waliyoitoa ilikuwa watoto: watatekwa, watakuwa mateka wa adui. Mungu akawajibu kwamba haohao wadogo waliowafanya kisingizio ndio atakaowaingiza. Katika watu wazima wa kizazi kile waliohesabiwa, waliingia Kalebu na Yoshua tu.

Kwa hiyo katika ile safari ndefu, mtoto mchanga mgongoni ndiye aliyekuwa safari yenyewe. Mama aliyechoka, aliyemfunga mwanawe kwa nguo na kutembea naye kwenye mchanga, alikuwa amebeba taifa. Yeye hakufika. Mzigo wake ulifika.

Na Musa anawakumbusha, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 1, kwamba jangwani humo Bwana naye aliwabeba wao, kama mtu ambebavyo mwanawe. Nawe mzazi unayebeba, unabebwa. Mungu angeweza kukuacha nyuma mara nyingi, kwa jinsi ulivyokuwa mzito na mwenye kulalamika. Alipunguza mwendo kwa ajili yako.

Wiki hii fanya jambo moja dogo. Simama, mshushe mtoto wako, mtazame. Kama ni mchanga, mpakate bila simu mkononi. Kama ni mkubwa, mwulize hali yake, kisha usimkate anapojibu. Kama yuko mbali, mpigie, na usizungumzie ada wala matokeo ya mtihani. Na kama mtoto ana mama, mpe huyo mama maji, kwa maana yote ya neno hilo.

Bwana aliyetembea polepole na wazee wetu jangwani atembee polepole na nyumba yako.

Nakutakia Jumapili njema.