Kalamu za Tarime na Serengeti Zisitupwe

Ndugu zetu wa Tarime na Serengeti hutuletea maandishi: habari za mashamba na ng'ombe, mashairi, na hadithi za mababu. Twayasoma yote. Lakini jambo moja latuhuzunisha. Mwandishi huleta hadithi moja, na isipochapwa hatumsikii tena.

Hasara yake si ndogo. Wazee wa Kikurya, Kingoreme na Kiikoma wazijuao habari za rika na koo, na nyimbo ziimbwazo kwa litungu, wapungua kila mwaka. Kijana aliyeketi nao, akaandika kurasa kumi kisha akakata tamaa, amezika pamoja nao yale aliyoyasikia.

Kijana huyo twamwomba atazame ng'ambo ya maji ya Kisorya, kisiwani Ukerewe. Huko Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 na kusomeshwa na mapadre, alimaliza mwaka 1945 kuandika kitabu kikubwa cha maisha ya Wakerewe, kwa lugha yao wenyewe. Mchapaji hakupatikana. Mzee hakukichoma moto. Alikifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ikatoka Dar es Salaam mwaka 1980, miaka 35 baadaye. Mwaka uliofuata akafariki. Leo atakaye kujua jinsi Wakerewe wa kale walivyooana, walivyohangaikia uzazi na kupokea wageni, hana budi kukifungua kitabu hicho.

Wengine husema kazi za mchana haziwaachii nafasi. Shaaban Robert alikuwa karani wa Serikali miaka mingi. Na Mwalimu Nyerere, mtu wa Butiama katika mkoa huu huu, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, hali amebeba Urais. Wala hakuridhika nayo: aliisahihisha, ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Ikiwa Rais aliirudia kazi iliyokwisha kuchapwa, sisi twaona haya gani kurudia ukurasa mmoja?

Basi ndugu, andika kidogo kila siku, hata nusu ukurasa, kabla ya kwenda kukama. Andika unayoyajua, usituletee mapenzi ya mjini usikokaa. Maneno makubwa yasiyo na kazi yaondoe. Tena usione haya kwa sababu Kikurya hakina sauti ya "l". Fungua kamusi tu, maana tumepata kusoma habari ya wanakijiji waliopanga foleni tangu alfajiri ili wapige kula.

Na urudishiwapo kazi yako, iweke mwezi mmoja, kisha umsomee kwa sauti mzee aliyekusimulia. Akicheka pasipo pa kucheka, tia alama hapo, uanze kuandika upya.