Sura ya Saba: Kompresa Ndogo ya Nyumbani na Kibandiko Chake

Uzito wa kompresa hauonyeshi nguvu yake, ukubwa wa tangi hauonyeshi wingi wa hewa yake, na neno "silencieux", yaani kimya, lililobandikwa ubavuni halionyeshi kitu chochote. Hata hivyo kila mtu wa Lubumbashi anayeniomba ushauri, awe mchoraji anayepulizia rangi, mshonaji anayetaka kutoa nyuzi na vumbi ndani ya cherehani, au kijana mwenye pikipiki mbili kwenye parseli, anakuja na mambo hayo matatu kichwani. Naelewa yalikotoka. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na wazee wetu waliijua hewa ya kompresa kwanza migodini. Kule chini ya ardhi, kama Kipushi, ilisukuma mashine za kutoboa mwamba, na mashine zenyewe zilizoishindilia zilikuwa kubwa na zilinguruma mchana na usiku. Baadaye tukaiona kwa mafundi wa mipira ya magari, kwenye kila quado, na huko nako inanguruma. Ndiyo maana mtu akiikuta kompresa inayofanya kazi bila kelele anaishuku kuwa dhaifu.

Tuanze na kelele. Kwa umeme wetu wa herzi 50, mota ya nguzo mbili huzunguka karibu mara 2,850 kwa dakika, na ya nguzo nne karibu mara 1,400. Hesabu hiyo imeandikwa kwenye kibati cha mota, kando ya herufi "tr/min" au "rpm". Isome kabla ya kusoma kitu kingine. Kompresa za bei rahisi zilizoagizwa kwa wingi zina mota ya 2,850 iliyofungwa moja kwa moja kwenye pistoni moja. Hakuna kibandiko kitakachoituliza. Zile ambazo kweli zimetulia, nyingi zina mota ya 1,400 na pistoni mbili ndogo zinazotazamana, bila oili. Zinafuata mfano wa kompresa za madaktari wa meno, ambao walihitaji hewa safi ndani ya chumba kilekile alimoketi mgonjwa. Kwa hiyo wanaosema "isiyo na oili lazima ipige kelele" wanazungumzia mashine za kasi walizozizoea. Kasi ndiyo mama wa kelele. Oili haihusiki sana.

Halafu kuna desibeli, na hapa watu wanadanganywa kwa namba za kweli. Tangu direktiva ya Ulaya ya mwaka 2000, mashine za kutumika nje zinazouzwa kule lazima ziandikwe LWA, yaani sauti yote inayotoka kwenye mashine. Namba nyingine ni LpA, yaani sauti inayofika mahali fulani, kwa umbali fulani. Mashine yenye LWA 97 ikiwekwa uwanjani kwenye sakafu ngumu, ukisimama mita 1 utapata kama 89, mita 4 kama 77, mita 7 kama 72. Ni mashine ileile. Muuzaji mmoja anaandika 97 na mwingine 72, na mnunuzi anakimbilia 72. Ndani ya chumba cha matofali chini ya mabati hata hesabu hiyo inaharibika, kwa kuwa sauti inarudi kutoka kila ukuta. Desibeli zisizotajiwa umbali zipuuze. Zilizotajiwa umbali, kumbuka kwamba kila 10 zikiongezeka sikio linasikia kelele kama imezidi mara mbili.

Tuje kwenye lita. Kibandiko kikiandika lita 130 kwa dakika, mara nyingi hicho ni kipimo cha nafasi ambayo pistoni inaipitia, kana kwamba hakuna hewa inayobaki juu ya pistoni wala inayovuja. Hewa unayoipata kwenye mpira ni nusu ya hapo, au zaidi ya nusu kidogo. Na sisi wa Lubumbashi tuna hasara ya pili ambayo sijaona muuzaji akiitaja. Tuko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi. Mombasa, kando ya bahari, hewa inakandamiza kwa bar 1.01, hapa ni karibu bar 0.88. Pistoni inameza nafasi ileile, lakini ndani yake mna hewa pungufu kwa asilimia 12 au 13. Hasara haiishii hapo. Ili sindano ya kipimo cha presha ifike bar 8, Mombasa hewa inabanwa takriban mara 9; hapa inabanwa mara 10. Kubana zaidi kunaleta joto zaidi, na hewa inayosalia juu ya pistoni inapotanuka tena inakula sehemu kubwa zaidi ya pumzi inayofuata. Mtengenezaji alipima mashine yake karibu na usawa wa bahari. Wewe utaitumia huku kwetu, Katuba.

Dawa yake ni kuipima dukani, na simu yako inatosha. Funga bomba la kutolea hewa, iwashwe, uanze kuhesabu muda sindano inapopita 4 na uache inapofika 8. Chukua lita za tangi, zidisha kwa 4, gawanya kwa 0.88. Tangi la lita 24 linakupa lita 109 za hewa yetu. Kama imechukua dakika moja na nusu, mashine hiyo inatoa lita 73 kwa dakika, hata kibandiko kiseme nini. Kalamu ya kupulizia rangi kwenye picha inataka lita 15 hadi 30 kwa bar 2 au chini yake, kwa hiyo lita 73 ni nyingi. Mpira wa pikipiki hauna shida, utajaa tu. Lakini pistole ya kupaka rangi gari inakula lita 200 hadi 400 kwa dakika, na hakuna mashine ndogo ya kimya itakayoilisha. Usidhani tangi kubwa litakuokoa. Tangi la lita 50 likishuka kutoka bar 8 hadi 4, pamoja na lita 73 zinazoingia, litaendesha pistole ya lita 300 kwa dakika moja. Kisha utasimama na rangi itaanza kukauka kabla hujamaliza mlango.

Nilipanga sasa kuingia kwenye umeme, lakini siwezi kupita hapa bila kuzungumzia frigo. Wachoraji wengi na mafundi wa vitu vidogo hawanunui kompresa; wanafungua mota ya frigo iliyokufa na kuitumia kuvuta hewa. Wanasifu ukimya wake, na kweli hakuna mashine ya bei hiyo inayoikaribia. Mtu makini ataniuliza: mbona mota hiyo inazunguka karibu mara 2,900, na wewe umesema kasi ndiyo mama wa kelele? Jibu liko ndani ya chungu kile cheusi. Mota na pistoni vimening'inizwa kwenye springi, na chuma kimeungwa pande zote bila tundu. Mtikisiko haufiki nje, sauti haina pa kutokea.

Ukishaona hivyo, unajaribu kuiga: unaivisha kompresa ya kawaida blanketi au kuifungia kwenye sanduku la mbao. Nimeona mota zilizoungua hivyo. Frigo iliweza kufungwa kwa sababu gesi inayorudi kutoka kwenye baridi inapita ndani ya chungu na kuipoza mota. Kompresa ya kawaida inapozwa na upepo wa chumba, ukiuziba inaiva. Na ukiivutisha mota ya frigo hewa ya chumba, nayo imepoteza kipozeo chake: ifanye kazi dakika chache, ipumzike mpaka uweze kuweka kiganja juu yake. Oili iliyokuwa inazunguka na gesi na kurudi, sasa inatoka na hewa na hairudi tena, ikiacha madoadoa kwenye picha yako. Weka kichujio, na kagua oili. Tena, frigo ikizimwa presha ya pande zote mbili inalingana polepole kupitia mrija mwembamba, ndiyo maana inaweza kuwaka tena. Ukiifunga kwenye tangi lililojaa, itanguruma papo hapo bila kuzunguka. Itolee hewa kwanza.

Jambo moja kabla hujafungua frigo: soma kibati chake. Kikiandikwa R600a, gesi hiyo ni isobutani, inawaka moto. Usikate mrija kwa mwali wala kwa mashine ya kusagia chuma inayotoa cheche. Mwite fundi wa frigo aitoe.

Kisha tangi, na hapa sitoi nafasi ya mjadala. Chupa ya gesi ya frigo ya kutumika mara moja, kizimamoto cha zamani, bomba pana lililounganishwa kwa kuchomelea uani: hakuna hata kimoja kinachofaa. Lita 24 za hewa kwa bar 8 zikipasuka kwa mara moja zinatoa nguvu inayoweza kuinua gari la tani moja mita mbili juu, na wewe unakaa karibu na tangi hilo. Anayesema "nimelijaribu kwa hewa, halikupasuka" amejaribu kwa njia ya hatari kuliko zote. Viwandani tangi hujazwa maji na kusukumwa kwa pampu, kwa sababu maji hayabanwi. Likishindwa linavuja tu. Nunua tangi lenye kibati cha presha, na valvu ya usalama usiikaze wala kuiziba kamwe.

Maji yenyewe yatakuja bila kuitwa. Kuanzia Novemba hadi Aprili, kila lita 1,000 za hewa unazoshindilia zinaacha karibu kijiko kikubwa cha maji chini ya tangi. Fungua kizibo kila jioni. Kiangazi maji yanapungua, lakini vumbi jekundu linaziba kichujio cha kuvutia hewa.

Kuhusu umeme nitasema machache. Watu wanalaumu umbali: eti umeme unatoka bwawa la Inga, kilometa 1,700 za waya hadi Kolwezi. Waya huo wa tangu 1982 hauhusiki na volti 170 nyumbani kwako; chanzo ni transfoma ya kartie iliyoelemewa na nyaya nyembamba za mwisho. Mota ikipewa 170 badala ya 220, nguvu yake ya kuanza inabaki asilimia 60. Hapo ndipo mota zinapoungua. Usirefushe waya wa umeme. Refusha mpira wa hewa, uiweke mashine barazani juu ya miguu ya mpira na uingize hewa ndani. Na ile "pssss" fupi mota inapozima si ubovu. Inatoa presha juu ya pistoni ili mota iweze kuanza tena. Anayeiziba akidhani hewa inavuja ameiua mashine yake siku umeme utakapodhoofika.

Wanaochonga malakiti nawaomba jambo moja la pekee: msipulize vumbi lake kwa kompresa. Zaidi ya nusu ya uzito wa jiwe hilo ni shaba, na mnaipeleka mapafuni. Tumieni maji.

Kwa kazi za mikono za nyumbani Lubumbashi, mashine inayofaa ni ya mota ya 1,400, pistoni mbili, bila oili, tangi la lita 24 lenye kibati. Ipime kwa simu kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa kuiwasha mbele yako, mwachie.