FUNDI ANAYEFUNDISHA VIZURI NI MTAJI WAKO: MTUNZE, MTAJE

Leo tuache kidogo mambo ya picha na bei, tuongelee mtu aliye nyuma ya mzigo wako: fundi. Na sio fundi yeyote. Naongelea yule ambaye pale kwake wamekaa vijana wawili watatu wanajifunza, na wakitoka hapo wanaijua kazi kweli.

Wewe unayeuza magauni ya vitenge, viatu vya ngozi, mikoba au makochi kupitia simu, bidhaa yako haianzii kwenye status. Inaanzia mikononi mwa mtu, na huyo mtu kuna mtu alimfundisha. Akiwa amefundishwa vizuri, zipu inakaa, pindo halifumuki, mteja anarudi. Akiwa amefundishwa juu juu utajua tu: mzigo unarudishwa, na nauli ya bodaboda unalipa wewe.

KUJUA KUSHONA SIO KUJUA KUFUNDISHA

Hivi ni vitu viwili tofauti. Ndio maana VETA wana chuo kabisa pale Morogoro cha kuwaandaa walimu wa ufundi stadi. Mafundi wetu wengi wa mtaani hawajapita huko, lakini wapo wanaofundisha vizuri sana. Utawajua hivi:

- Wanafundisha kwa mpangilio. Kwenye cherehani, kijana kwanza anapitisha karatasi bila uzi mpaka mkono unyooke, kisha anashona vipande vilivyobaki, ndipo anagusa nguo ya mteja.
- Kijana akikosea anaelezwa kwa nini, hafokewi tu. Anaambiwa afumue mwenyewe, arudie.
- Hawafichi. Kuna sehemu kijana anakaa mwaka mzima anapiga pasi na kufagia, mkasi hashiki. Mwalimu mzuri anampa mkasi na karatasi ya kaki mapema, akate, akosee, akate tena.
- Waliotoka kwao leo wanajitegemea. Uliza tu mtaani, utaambiwa.

KWA NINI WENGI HAWATAKI KUFUNDISHA

Tuwe wakweli. Fundi analipwa kwa nguo. Akiacha cherehani yake nusu saa kumwelekeza kijana, hiyo nusu saa haina malipo. Sindano zikikatika ni zake, kitambaa kikiharibika anafidia yeye. Halafu kijana akishaiva anaenda kufungua ofisi mtaa wa pili. Hapo wengi wanaona bora waufiche ujuzi.

Na sisi wauzaji tunachangia. Tunambana bei, tunataka mzigo kesho asubuhi, tunamkuta anamwelekeza kijana tunanuna.

Sasa piga hesabu ya upande wako. Unamtegemea fundi mmoja. Akiugua wiki moja kabla ya Idi au Krismasi, oda 30 zimelala na hela za wateja umeshapokea. Kama pembeni yake kuna kijana aliyefundishwa vizuri, kazi inaendelea. Kama hakuna, utaanza kueleza watu inboksi mpaka simu iishe chaji.

UFANYE NINI?

1. Tenga hela kidogo kwenye kila nguo. Tuseme unauza nguo 40 kwa mwezi. Ukitenga shilingi 500 kwa kila moja, unapata 20,000. Iandike kwenye daftari kama gharama ya biashara, sawa na vifungashio na bando. Sio hisani, ni malipo ya kazi ambayo ilikuwa inafanyika bure.

2. Igawe mara mbili. Marekani kuna tuzo ya walimu wa ufundi wa shule za sekondari za umma, inaitwa Harbor Freight Tools for Schools Prize for Teaching Excellence. Ilianza 2017. Kwenye zawadi kubwa ya dola 100,000, dola 70,000 zinakwenda kwenye programu ya ufundi ya shule, na 30,000 anapewa mwalimu. Sisi dola hizo hatuna, ila mgawo wenyewe una akili. Kwenye ile 20,000 yako, 14,000 inunue nyuzi, sindano na kitambaa cha kujifunzia, na 6,000 umkabidhi fundi mkononi umwambie ni ya kufundisha. Hapo mtu amethaminiwa, na kazi ya kufundisha imepata vifaa.

3. Mpe oda ya kufundishia. Chagua kitu rahisi kisicho na haraka: foronya, aproni, mifuko ya kitambaa. Kijana ashone, fundi akague kimoja kimoja. Mlipe kijana kwa alichoshona, mlipe na fundi kwa kukagua. Kubalianeni kabisa mwanzoni, ikiharibika nani anabeba.

4. Mtaje. Ukiposti gauni, andika limeshonwa na nani na nani alimfundisha. Omba ruhusa kwanza, wengine hawapendi. Najua hofu yako: wateja watamfuata fundi moja kwa moja. Weka jina, namba ya simu sio lazima. Na kumbuka mteja wako hanunui gauni peke yake. Ananunua ulivyomsaidia kuchagua, ulivyomfikishia na ulivyombadilishia saizi. Hayo fundi aliyeinama kwenye cherehani siku nzima hana muda nayo.

5. Msaidie apate cheti. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa mtu aliyejifunzia kazi mtaani. Anapimwa kwa anachokijua, penye pengo anaongezewa mafunzo, kisha anapata cheti bila kuanza chuo upya. Fundi mwenye miaka 20 kwenye kazi anaweza kuwa na mikono ya dhahabu lakini tenda ya sare za shule ikamkosa kwa sababu ya karatasi. Wewe una simu na bando: ulizia chuo cha VETA cha karibu ada na tarehe, msaidie kujaza fomu. Kijana wake akiiva, naye apelekwe hivyo hivyo. Na mafundi wakianza kuona vijana wao wanapata vyeti, kufundisha kunakuwa na heshima, sio hasara.

Sio lazima uanze na yote matano. Anza na moja mwezi huu, ukiona faida ongeza la pili.

Na wiki hii ukienda kuchukua mzigo, usiulize tu "fundi, imeisha?" Muulize na hili: "Vijana wako wamefikia wapi?" Akianza kukuelezea mmoja mmoja, nani ameshajua kola na nani bado anahangaika na zipu, basi ujue umempata. Huyo mshike, na bei yake usiibane.