Baleti kwa watoto: Magoti yaanze, vidole visubiri

Na Mwandishi Wetu, Babati

WATOTO wengi wa mijini huiona baleti kwa mara ya kwanza katika katuni za televisheni au katika simu ya mzazi, na jambo wanalojaribu mara baada ya hapo ni lile lile: kusimama juu ya ncha za vidole vya miguu huku wameshikilia kochi la sebuleni. Kwa mzazi wa Bagara, mjini Babati, hilo laweza kuonekana kuwa mchezo wa kitoto tu. Hata hivyo, ndilo jambo ambalo mwalimu wa baleti anayeijua kazi yake hulikataza kwa miaka kadhaa ya mwanzo.

Baleti ni dansi ya jukwaani inayosimulia hadithi kwa mwili na muziki, bila maneno. Ilianzia katika majumba ya watawala wa Italia, kisha ikahamia Ufaransa, ambako Mfalme Louis XIV, naye mwenyewe akiwa mchezaji, alianzisha chuo cha kifalme cha dansi jijini Paris mwaka 1661. Ndiyo maana hadi leo hatua zake huitwa kwa Kifaransa, darasa liwe Moscow, Havana au Nairobi. Mwalimu wa dansi wa mfalme huyo, Pierre Beauchamp, ndiye anayetajwa kuwa aliipanga mikao mitano ya miguu ambayo kila mwanafunzi huanza nayo.

Kucheza juu ya ncha za vidole kulikuja baadaye sana. Aliyekupa heshima ya sanaa ni Marie Taglioni, alipocheza La Sylphide jijini Paris mwaka 1832. Ikiwa baleti yenyewe ilikaa zaidi ya miaka 150 tangu kuanzishwa kwa chuo hicho kabla ya kufika huko, mtoto wa miaka saba hana sababu ya kukimbilia.

Somo la kwanza

Kwa watoto wa miaka mitatu hadi sita, somo zuri hufanana zaidi na mchezo kuliko mafunzo: kutembea kwa kufuata mdundo, kurukaruka, kusimama ghafla muziki unaponyamaza, kuwa paka, kuwa mti. Mazoezi rasmi ya mikao huanza taratibu mtoto anapokaribia miaka saba au minane.

Hapo mtoto husimama visigino vikigusana na vidole vikitazama nje kidogo, mfano wa herufi V. Jambo ambalo wengi hulikosea ni kudhani kuwa miguu hiyo hufunguliwa kwa nguvu za nyayo. Sivyo. Mguu mzima hugeuka kuanzia kwenye nyonga, na nyonga za watoto hazilingani. Mtoto anayelazimisha nyayo zake zilale mstari mmoja kama katika picha za wachezaji mashuhuri huyapinda magoti yake, na maumivu yake huweza kumfuata kwa muda mrefu. Mzazi anaweza kulikagua hilo bila utaalamu wowote: mtoto akikunja magoti, kila goti lipite juu ya vidole vya mguu wake. Likiangukia ndani, nyayo zimefunguliwa kupita kiasi, na zipunguzwe.

Kule kukunja magoti huitwa plie, na ndiko msingi wa mengine yote. Mgongo hubaki wima, visigino havinyanyuki, na mtoto hushuka na kupanda polepole akiwa ameshikilia ufito uliofungwa ukutani. Nyumbani, mgongo wa kiti kizito unatosha. Hufuata kuutelezesha mguu mmoja sakafuni mpaka vidole pekee viguse chini, halafu kuinua visigino na kusimama kwa sehemu ya mbele ya wayo. Hii ya mwisho inaruhusiwa, na si sawa na kusimama kwa ncha za vidole.

Baadaye huja kuruka. Hapa mtoto wa Manyara hana ugeni mkubwa, kwani mkoa huu ni wa Wabarbaig na Wamasai, ambao vijana wao huruka wima katika ngoma. Tofauti iko katika kutua. Kijana wa Kimasai hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo na kupanda tena kabla kisigino hakijagusa ardhi. Katika baleti vidole hutangulia kugusa, kisigino kikafuata mpaka chini, na goti likakunjwa ili kupokea uzito. Mtoto aliyekwisha kuijua ngoma atakuwa na mdundo na pumzi. Atakachojifunza upya ni kisigino.

Viatu vya vidole

Wengi huamini kuwa ndani ya viatu vile vinavyong'aa kuna ubao au chuma. Kwa kawaida hakuna. Ncha yake hutengenezwa kwa matabaka ya kitambaa na karatasi yaliyoshikwa kwa gundi, na kinachombeba mchezaji hasa ni misuli ya kifundo cha mguu, ya tumbo na ya mgongo. Mtoto asiye na misuli hiyo hawezi kusaidiwa na kiatu, hata kiwe cha bei gani.

Wataalamu wa tiba na sayansi ya dansi wanashauri kuwa mtoto asianze kabla ya miaka 12 hivi, na awe amekwisha kupata mafunzo ya kweli kwa takriban miaka minne. Anayehudhuria darasa mara moja tu kwa juma hushauriwa asivivae kabisa. Mifupa ya mguu katika umri huo bado inakua, na kano zilizochanika haziungwi kwa urahisi.

Vifaa na mahali

Gharama huwatisha wazazi bila sababu. Anayeanza hahitaji zaidi ya fulana, kaptula au suruali ya kunyumbulika, na miguu mitupu. Soksi juu ya vigae au saruji laini ni za kuepukwa kwa kuwa huteleza. Sakafu ya saruji inafaa kwa plie, lakini si kwa kuruka sana, kwa maana haipokei kishindo na huumiza miundi. Uwanja wa nyasi uliosawazishwa ni bora.

Mfano wa karibu uko Nairobi. Katika Shule ya Spurgeons iliyoko Kibera, madawati yalikuwa yakitolewa nje ili chumba cha darasa kigeuke ukumbi wa baleti. Mwalimu aliyejulikana zaidi kwa kazi hiyo ni Mike Wamaya, ambaye mwaka 2017 alikuwa miongoni mwa walimu 10 waliofika fainali ya Tuzo ya Mwalimu wa Dunia. Mwaka huo huo Joel Kioko, kijana kutoka makazi duni ya Kuwinda jijini humo, alijiunga na shule ya English National Ballet mjini London. Wazazi wanaoamini kuwa baleti ni ya wasichana wangefaa kulitazama hilo: mwalimu ni mwanamume, na mwanafunzi huyo naye ni mwanamume. Kazi ya wavulana katika dansi hii, kuruka juu na kumnyanyua mwenzao, inataka nguvu kuliko michezo mingi ya uwanjani.

Kabla ya kumkabidhi mtoto kwa mwalimu, mzazi aulize amesomea wapi na kwa mtaala upi. Mmojawapo unaotambulika katika nchi nyingi ni ule wa Royal Academy of Dance, taasisi iliyoanzishwa London mwaka 1920, ambayo hupima wanafunzi kwa ngazi. Aombe pia kukaa na kutazama somo moja zima. Mwalimu anayewasukuma watoto kwa mikono ili wapasue miguu sakafuni, anayemwambia binti wa miaka tisa apunguze kula, au anayeahidi viatu vya vidole katika mwaka wa kwanza, huyo hafai, hata kama ada yake ni nafuu.