Gari la Fowili na Ulaji wa Petroli Wakati wa Baridi Kali

Madereva wa Afrika Mashariki wana neno moja fupi, "fowili", walilolitoa katika Kiingereza na kulitumia kwa gari liwezalo kupita matopeni. Kwa asili yake neno hilo halisemi zaidi ya magurudumu manne. Na kwa kuwa karibu kila motokaa ina magurudumu manne, jina lenyewe halimfunulii msikilizaji jambo lililokusudiwa. Linalokusudiwa si hesabu ya magurudumu, bali ni hesabu ya yale yapokeayo nguvu za injini. Katika motokaa ya kawaida mawili tu ndiyo hutenda kazi hiyo. Yakiwa ya nyuma, gari husukumwa. Yakiwa ya mbele, huvutwa. Na mawili yaliyosalia hufuata tu. Katika gari la fowili yote manne hutenda kazi. Yafaa tofauti hii ishikwe vyema, kwani juu yake limejengwa swali liwakabililo wakazi wa nchi za theluji, wakiwamo wasemaji wa Kiswahili waliohamia Kanada, Marekani na Ulaya ya kaskazini: je, gari la namna hii hula petroli kiasi gani zaidi wakati wa baridi, na faida yake yastahili gharama hiyo?

Sababu ya kwanza ya ulaji huo ni uzito. Ili nguvu zifike mbele na nyuma pia, hapana budi gari liongezewe sanduku la kugawa nguvu, mhimili mrefu upitao chini ya sakafu, ambao mafundi huuita propela, pamoja na difu ya pili na mihimili mifupi ya kuyafikia magurudumu. Kila mara gari linapoondoka au kupanda mlima, injini huubeba uzito huo wote. Sababu ya pili ni msuguano. Meno ya gia husuguana, na difu huikoroga oili iliyomo ndani yake. Nguvu zipoteazo humo hugeuka joto, wala hazilipeleki gari mbele. Baridi huzidisha hasara hii, kwa kuwa oili ikipoa huwa nzito mfano wa asali, na mpaka ipate joto gia huzunguka kwa taabu. Kila sehemu hupoteza kidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba. Mara nyingi gari la fowili hula petroli zaidi ya mwenzake wa namna ile ile kwa kadiri ya sehemu 5 hadi 10 katika 100.

Hata hivyo magari hayo si ya aina moja. Aina ya kale, kama Jeep ya vita ya mwaka 1941, huunganisha mhimili wa mbele na wa nyuma pindi dereva avutapo wenzo. Penye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Na kwa kuwa yamefungwa pamoja, mipira hulazimika kuburuzwa. Juu ya theluji mburuzo huo hauna neno, maana ardhi ni telezi. Juu ya lami kavu huila mipira, huipoteza petroli, na waweza kuvunja gia. Aina ya pili, kama Range Rover ya 1970 na Audi Quattro ya 1980, huendeshwa kwa magurudumu yote daima, ikiwa na difu ya katikati iruhusuyo tofauti hiyo ya mwendo. Humo msuguano hulipwa kila siku, kiangazi na baridi. Aina ya tatu, iliyoenea sana sasa, huvutwa kwa magurudumu ya mbele, na klachi huyaita ya nyuma pale tu yanapohitajiwa. Hasara ya msuguano hupungua, lakini uzito hubaki pale pale.

Yote hayo yahusu upande mmja tu wa mizani. Ili kuuona upande wa pili, yapasa kutenga maneno mawili ambayo wenyeji wa pwani hawakuwa na haja kubwa ya kuyatenga. "Barafu" limetoka katika Kiajemi, ambako maana yake ni theluji. Kwa Waswahili limekuwa maji yaliyoganda. "Theluji" limetoka katika Kiarabu. Kwa dereva hivi ni vitu viwili mbalimbali. Theluji nene hulizuia gari, na injini hutumia nguvu nyingi kuipasua. Barafu hailizuii, bali hulinyima mshiko. Magurudumu yakizunguka kiasi cha mita 100 na gari likasogea mita 80 tu, sehemu moja katika kila tano ya kazi yao imepotea bure. Hapo ndipo fowili huokoa petroli, kwa kuwa nguvu zikigawanywa kwa mipira minne, kila mmoja hubeba kidogo na kuteleza hupungua. Lakini katika miji ambako theluji huondolewa barabarani mapema, siku za namna hiyo ni chache, na mtambo huo hubebwa mara nyingi kuliko unavyotumika.

Tena baridi yenyewe hula petroli kuliko mtambo wa fowili. Idara ya Nishati ya Marekani yaeleza kwamba katika mwendo wa mjini, gari la petroli huenda umbali pungufu kwa sehemu 15 hivi katika 100 hewa ifikapo nyuzi 7 chini ya sifuri kuliko iwapo nyuzi 25 za Selsiasi, na kwamba safari fupi huzidisha hasara hiyo. Oili huwa nzito, upepo wa mipira hupungua, na injini huzimwa kabla haijapata joto lake. Chukuliwe mfano wa gari lilalo lita 8 kwa kilomita 100 katika joto. Fowili ikiongeza nusu lita, baridi huongeza karibu lita moja na nne ya kumi. Yaani, karibu mara tatu. Basi dereva akaguaye upepo wa mipira, aunganishaye safari zake, na aondokaye polepole baada ya nusu dakika badala ya kuiacha injini ingurume muda mrefu, aweza kuokoa sehemu ya gharama hiyo.

Jambo la mwisho si la petroli, bali ni la uhai. Fowili husaidia kuondoka, haisaidii kusimama. Kila motokaa ina breki katika magurudumu yote manne, na aliyeondoka kwa wepesi juu ya barafu aweza kusahau kwamba atasimama kwa shida kama wengine. Kisimamishacho gari ni mpira ulio laini katika baridi, kwani mpira wa kiangazi huanza kuwa mgumu joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Kwa hiyo sheria ya Quebec hutaka mipira ya baridi tangu tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, na ya Sweden huitaka tangu 1 Desemba hadi 31 Machi barabara ziwapo na hali ya baridi kali. Sheria hizo haziulizi ni magurudumu mangapi yaendeshwayo. Huuliza yamevishwa nini. Mwenye fedha za kutosha kitu kimoja tu, na anunue mipira kwanza.