Mnara wa simu mtaani: tudai vipimo

Kila mnara mpya wa simu ukisimamishwa huku kwetu Pwani, naulizwa: mionzi yake italeta saratani?

Mawimbi haya si kama eksrei. Hayana nguvu ya kuvunja chembechembe za mwili. Yakizidi sana, huupasha joto. Mwaka 2011 shirika la IARC liliyaweka kundi la 2B, yaani huenda yakasababisha saratani, ila ushahidi ni haba. Tume ya kimataifa ya ICNIRP imeweka kikomo kwa wananchi: kwa mawimbi ya megahezi 900, wati 4.5 kwa kila mita mraba. Na simu unayoibandika sikioni kwa kawaida hukufikia zaidi kuliko mnara ule (hilo halipigiwi kelele).

Ila kikomo bila kupima ni karatasi tu. Katiba yetu, kifungu cha 42, inatupa haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini bila kuthibitisha kwamba kuna aliyeumia, na wengi hawalijui hili. Kabla ya korti, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ipo: andikeni barua NEMA, muombe ripoti ya athari za mazingira, na mamlaka ya mawasiliano muiombe vipimo vya mnara wenyewe. Mwenye kiwanja analipwa kodi. Jirani naye apewe hesabu.